Wifi Benchi, Wifi Golini

Saa kumi jioni, zamu ya kufua imekwisha, na Kocha Dobi yuko kwenye uwanja ulio nyuma ya hospitali. Beki anarudisha pasi kwa kipa, na papo hapo wanawake sita wanaufuata mpira kama nyuki. "Moja, mbili, tatu..." anahesabu kocha. Hafiki nne, mpira umeshanyakuliwa.

"Hapo sawa," anasema, uso mkavu. "Rudieni."

Kwa miaka kumi na sita mama huyu wa watoto wawili amefua shuka za wodini. Jina la Dobi alipewa na wachezaji wake, wengi wao wafagiaji na wapishi wa hospitali hiyohiyo. Alama za mazoezi ni vipande vya shuka zilizochakaa.

Msimu uliopita walifungwa mabao thelathini na moja.

"Tulikuwa tunajazana golini kama vifaranga walioona mwewe," anasema. "Nikawaambia, adui akishafika mlangoni umechelewa. Mkabe kwake."

Mpango wake ni washambuliaji watatu mbele, viungo watatu nyuma yao, mabeki wanne wamepanda karibu na katikati. Wanasubiri ishara: pasi ya kurudi nyuma, au beki aliyepokea mpira vibaya pembeni. Hapo wote wanakwenda pamoja kwa sekunde tano. Wakiukosa, wanarudi kujipanga.

"Akikimbia mmoja, anafukuza upepo," anasema. "Na ule mstari wa pembeni ni beki wetu wa bure. Hachoki, hanuni."

Aliyenuna alikuwa wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, ni mpishi wa hospitali mwenye miaka thelathini na tisa, naye ndiye aliyekuwa beki wa kati. Mabeki wakipanda, nyuma panabaki wazi, na katika mechi ya pili alipitwa mara tatu. Dobi akamweka benchi.

"Mume wangu akaniuliza mezani, 'Umemweka dada yangu benchi?' Nikamjibu, 'Nimemweka.' Nikampakulia mboga."

Kwa wiki mbili mawifi hao walipishana kwenye korido bila salamu. "Iliniuma," anakiri mpishi. "Miaka ishirini nacheza, leo naambiwa miguu imekwisha."

Lakini hata benchini hakukaa kimya. Aliwapigia mabeki kelele kuwaonyesha pasi itakapoangukia, kabla haijapigwa. Dobi alisikiliza mechi nzima, na kesho yake akamfuata jikoni na glavu mkononi.

"Wifi, nakuomba ulinde goli. Ila usikae golini. Simama mbele, ufagie kila kinachotupita."

Mpishi aliendelea kukoroga sufuria. "Nikiwalindia huko nyuma, mtakimbia kweli?"

"Mpaka tudondoke."

"Haya, zilete."

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya vinara wa ligi. Kufungwa kungewashusha daraja. Dakika ya sabini, bila bao, mpira mrefu ulipita juu ya mabeki, na straika wa vinara mwenye mbio akabaki peke yake. Alimkuta wifi ameshatoka hatua thelathini, akiupiga mpira nje.

Wapinzani wakarusha kwa beki wao wa pembeni. Akateleza, mpira ukamtoka kidogo. Watatu wakamfikia kwa pamoja, wakampora, na pasi mbili baadaye wavu ukatikisika. Moja bila, hadi mwisho.

"Hatukupata nafasi ya kupumua," anasema kocha wa vinara hao. "Na yule kipa alituvurugia hesabu zote."

Mwezi ujao Dobi anachukua likizo yake kwenda kusomea cheti cha ukocha kwa wiki tatu. Lengo lake ni kufundisha ligi kuu, na analitaja bila kupunguza sauti.

"Mume wangu ameshaniuliza timu itabaki na nani," anasema, na kwa mara ya kwanza jioni hii anatabasamu. "Nimemwambia, na dada yako."