Hirizi ya Kuzuia Risasi

Nikisikia mtu anauza miujiza, siwezi kupita bila kumuumbua. Nimezurura tangu ujanani, na hakuna soko ambalo sikuacha tapeli mmoja ameaibika.

Juzi, sokoni Wajir, nilimwendea Mzee Dahir, muuza hirizi za kuzuia risasi.

"Adeer, ami yangu, jifunge moja tukufyatulie bunduki!" nikamwambia.

Watu wakacheka. Nikapasua hirizi moja mbele yao: ndani, kipande cha gazeti. Mzee akaanza kukusanya bidhaa zake.

Mara askari wakazingira soko.

"Wanaume wote, vua shati!"

Siku hizi anayekutwa na hirizi huhesabiwa shifta, mmoja wa waasi wa msituni, maana wao huzivaa vitani. Nikaganda. Jana yake nilikuwa nimenunua hirizi kwa Mzee huyo huyo, ati niichunguze. Lakini lori la kunipeleka Tarbaj lilikuwa linaondoka jioni hiyo, na barabara ile imetegwa mabomu. Asubuhi nilikuwa nimeona heri niivae chini ya shati.

Shati likatoka, hirizi ikaning'inia kifuani. Askari akanikaba shingo.

"Wallahi, afande, huyo si shifta," Mzee Dahir akapaza sauti, soko zima likisikia. "Ni mteja wangu. Jana alichagua ile kubwa kabisa."