Shemeji Alipokataa Maji

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limekwisha kusahaulika hata kwa majirani. Walimwita Mama Deki, maana kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipiga deki katika kliniki ya mifugo: chumba cha mapokezi, chumba cha sindano, ujia mwembamba unaonuka dawa na manyoya mabichi, na ofisi ya daktari ambamo hakuna aliyeruhusiwa kuingia na viatu vya tope isipokuwa daktari mwenyewe.

Alikuwa mtu wa wasiwasi. Akifunga mlango, alirudi kuusukuma mara tatu. Akiweka chungu jikoni, alikaa hapohapo kama askari wa zamu. Marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba hata akifika peponi ataomba kukagua komeo la lango. Ndiyo maana kosa lile lilimla moyo kuliko ambavyo lingemla mtu mwingine. Mtu wa kurudi mara tatu, siku ile hakurudi hata mara moja.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Alitaka maji ya moto ya kusafishia chumba cha sindano, na soketi ilikuwa moja tu karibu. Akachomoa plagi ya friji la chanjo, akachomeka birika la umeme, akapiga deki hadi sakafu ikang'aa, akaenda zake. Jumatatu asubuhi alipofungua friji, vichupa vilikuwa na joto la mkono. Alisimama pale na kitambaa chake. Kisha akairudisha plagi, akaufunga mlango wa friji taratibu, akanyamaza. Kesho yake daktari alitoa vichupa vile vikiwa baridi kama kawaida, akachanja mbwa wote wa mtaa dhidi ya kichaa. Mbwa mia moja na kumi na wanne. Mmoja wao alikuwa mbwa wa Mama Deki.

Mbwa huyo aliitwa Shemeji. Alikuwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama, la pili limelala. Mumewe ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu aliingia uani siku ileile kaka wa mkewe alipokuja kuwatembelea, na kama shemeji huyo, alikula, akalala, na hakuonyesha dalili ya kuondoka.

Sasa, kama ni mtu mwingine, angejiambia yaliyopita si ndwele. Lakini Mama Deki alikuwa na wifi, mke wa kaka yake, na wifi huyo alikuwa amefiwa na mtoto wake wa pekee miaka minne nyuma. Mtoto aliumwa na mbwa wa jirani. Walipofika hospitali waliambiwa dawa hakuna, rudini wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika, mtoto hakuwa wa kurudishwa popote.

Wazo la matembezi lilikuwa la wifi. Alitaka wilaya nzima ipate mafriji ya chanjo yanayotumia nguvu za jua, na alitaka watu wachange wenyewe. "Tutatembea na mbwa," alisema. "Watu wamwone mbwa aliyechanjwa, wamshike. Mimi siwapendi, lakini nitatembea nao." Kilomita mia moja na arobaini, siku saba, kutoka mtaani kwao hadi makao makuu ya wilaya, katikati ya mashamba.

Angekataaje? Akasema ndiyo, na usiku na mchana akawa anahesabu: miezi minane tangu chanjo ile, na hakuna mbwa aliyeugua. Labda dawa haikuharibika. Labda.

Waliondoka watu watatu. Wa tatu alikuwa Kondakta, mzee aliyestaafu kazi ya basi lakini basi halikustaafu ndani yake, hata msibani alikuwa akisema, "Sogeeni nyuma, nafasi ipo." Alikuja na mbwa wawili wadogo, Nauli na Chenji, na kila kijiji walichofika alipanda juu ya kitu, jiwe au gogo, akaita watu kwa sauti iliyokwisha kupasuka tangu ujana. Watu walicheka, wakasogea, wakatoa walicho nacho.

Siku ya pili jioni, wifi alimpa Shemeji maji kwa kiganja chake. Mama Deki aliona, akageuka kando, machozi yakimlenga. Siku ya tatu, walipokaa kupumzika kando ya shamba la alizeti, wifi akavua kiatu. Lengelenge la kisigino lilikuwa limepasuka, nyama nyekundu inaonekana. Shemeji akasogea, akalamba.

"Ondoka, Shemeji!" Mama Deki aliruka kama aliyekanyaga moto.

"Mwache," wifi akasema, akicheka kwa mara ya kwanza tangu waondoke. "Ana adabu kuliko kaka yako."

Siku ya nne asubuhi, katika kijiji chenye kisima cha pampu, Shemeji alikataa maji. Alikisogelea chombo, akainamisha kichwa, akarudi nyuma. Udenda ulimtoka mrefu kama uzi. Kinywa kilikuwa wazi nusu, taya limening'inia, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho Mama Deki hakuwahi kukiona. Kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefuta vumbi kwenye bango la kichaa cha mbwa ukutani, lenye picha ya mbwa wa namna hiyohiyo.

Alimfunga kwenye mti ulio mbali na nyumba kwa kamba ndefu, bila kugusa kichwa chake. Kisha akamwendea wifi.

"Wifi, nionyeshe kisigino."

"Kisigino cha nini tena? Anayeumwa ni mbwa."

"Nionyeshe, nakuomba."

Wifi akamtazama, akamtazama na mbwa. Si mtu wa kuelezwa mara mbili. "Lakini amechanjwa," akasema polepole. "Kadi yake unayo mkobani. Si ndiyo?"

Hapo ndipo palikuwa na mlango wa mwisho wa kukimbilia. Angeweza kusema ndiyo. Alitoa kadi mkobani.

"Kadi ni karatasi tu. Ile chanjo ilipata joto siku tatu. Nilichomoa friji mimi, kwa mkono wangu, nikasahau. Sikumwambia mtu."

Wifi hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Aliuliza tu, "Mbwa wangapi?"

"Wa mtaa wote."

"Tangu lini?"

"Miezi minane sasa."

"Miezi minane unakula kwangu," wifi akasema. "Unakaa chini ya picha ya mwanangu, unakula kwangu."

Mama Deki alikuwa ameshatoa kipande cha sabuni mkobani. "Osha kwanza. Maji yanayotiririka, robo saa nzima. Utanitukana baadaye." Alinyoosha mkono kuushika mguu.

"Lete hapa! Nitajiosha mwenyewe."

Kondakta alisukuma mpini wa pampu hadi jasho likamtoka, huku wifi akisugua kisigino chake kibichi, midomo ameikaza.

Habari haina miguu lakini hukimbia. Muda si muda watu walikuwa wamekusanyika na fimbo na mawe. Mwenyekiti wa kijiji, mama mwembamba aliyetoka shambani na jembe lake begani, alisimama mbele ya Mama Deki.

"Tumewakaribisha, tumewachangia. Nanyi mmetuletea kichaa?"

"Sijui kama ni kichaa, mwenyekiti. Naogopa tu."

"Na sisi tunaogopa. Hapa kuna watoto." Alitazama juu, akalipima jua. "Bwana Mifugo yuko kwenye josho la ng'ombe ng'ambo ya mto, tumempigia simu. Nawapa hadi saa kumi. Asipofika, vijana watafanya kazi yao, na usije ukanililia mimi."

Ilikuwa saa sita na nusu. Mama Deki alikaa chini katikati ya watu na mbwa, hatua kumi kutoka kwa Shemeji. Kila Shemeji alipojikuna mdomo kwa mguu wa mbele, watu walirudi nyuma kwa pamoja. Kila alipotikisa mkia, Mama Deki alipata tumaini, na tumaini lile lilimtesa kuliko hofu yenyewe. Alimwazia wifi wake. Aliwaza mbwa mia moja na kumi na watatu waliolala mchana huo kwenye vibaraza vya watu, watoto wakiwalalia mgongoni. Jua lilihama. Kivuli cha mti kilimfikia magotini, kikampita. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Kijana mmoja alianza kuchagua mawe, akiyapima uzito mkononi.

Pikipiki ilisikika zikiwa zimebaki dakika chache. Bwana Mifugo alishuka na mabuti yenye tope la josho, akavaa glavu zilizomfika kwenye viwiko.

"Mbwa wa nani? Amechanjwa?"

Macho yote yalimgeukia mwenye mbwa. Mama Deki alisimama. "Mshike kama mbwa ambaye hajachanjwa," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Chanjo yake iliharibika."

Bwana Mifugo hakuuliza zaidi. Alimnasa Shemeji kwa fimbo yenye kitanzi, akamchoma sindano ya usingizi pajani, akangoja. Mbwa alipolegea, alipanua mdomo wake kwa chuma, akamulika kwa tochi, akaguna. Akaingiza koleo. Kilisikika kitu kikikwanyuka, kisha akainua juu kipande cha mfupa wa mbuzi, kirefu kama kidole cha mtoto. Kilikuwa kimejibana kwenye kaakaa, kutoka meno ya huku hadi meno ya kule.

Watu waliangua kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Mwenyekiti aliweka jembe chini. Mama Deki alikuwa tayari anapiga magoti kumshukuru Mungu.

"Bado," akasema Bwana Mifugo. "Mfupa umenieleza habari ya mdomo. Haukunieleza kama ana kichaa au hana. Nitamfungia kwangu siku kumi. Akifika siku ya kumi mzima, basi mate yale hayakuwa na kitu. Nani amelambwa?"

Wifi akanyoosha mguu.

"Wewe mama husubiri siku kumi. Panda pikipiki, tunakwenda hospitali sasa hivi."

Wifi alipanda bila kumtazama mtu. Mama Deki na Kondakta walibaki, na kesho yake wakaendelea na safari, kwani vijiji vya mbele vilikuwa vimekwisha kuarifiwa. Kondakta alitembea na Nauli na Chenji. Mama Deki alitembea mikono mitupu, akitazama simu yake kila walipopanda kilima kutafuta mtandao. Usingizi ulimpaa. Chakula kilikuwa kama mchanga.

Siku ya sita mchana wifi aliwakuta njiani, ameshushwa na lori la mahindi. Alitembea mbele yao karibu saa nzima. Kisha akasema, bila kugeuka, "Dawa ilikuwapo. Ilikuwa kwenye friji. Niliwaambia wanionyeshe, nikaiona kwa macho yangu." Akaongeza mwendo, na Mama Deki hakuthubutu kumsogelea.

Walipofika makao makuu, kulikuwa na viti, maturubai na kipaza sauti. Daktari wa kliniki alikuwa amekuja kuwapokea kwa tabasamu. Mama Deki alimvuta kando.

"Daktari, kabla hujapanda kuhutubia, nina jambo."

Alimweleza lote, hata habari ya birika. Tabasamu la daktari lilikauka usoni kama tope juani.

"Miezi minane, Mama Deki! Ungeniambia Jumatatu ileile ningemwaga vichupa, nikaagiza vingine. Wiki mbili tu!"

"Najua, daktari."

"Hujui." Alijifuta uso. "Hujui kabisa." Alikwenda kwenye kipaza sauti, na badala ya hotuba yake, aliwatangazia watu kwamba mbwa wote wa mtaa ule watachanjwa upya, na kwamba yeyote aliyeng'atwa na mbwa tangu wakati ule aende hospitali bila kuchelewa.

Mama Deki alisimamishwa kazi. Watu watatu walioumwa na mbwa miezi ile walipatikana, wote wazima, wakaanza sindano. Mtaani wengine walimzomea, na kuna aliyemmwagia maji machafu mlangoni. Hata hivyo kila asubuhi alichukua nakala ya orodha ya mbwa na kupita nyumba hadi nyumba kuwaita watu waje kliniki, maana alisema kazi ile haikuhitaji ajira. Wengi hawakumfungulia.

Siku ya kumi alikuwa bado yuko kitandani, macho kodo, simu ilipolia.

"Mama, njoo umchukue mtu wako," akasema Bwana Mifugo. "Yu mzima kabisa. Leo amekula kuku wa jirani yangu, na jirani yangu hana utani."

Alicheka, akalia, akaenda. Lakini aliporudi na Shemeji, orodha ilikuwa bado na mbwa saba wasiojulikana walipo. Alasiri ile alisimama mbele ya nyumba yenye geti la bati, akabisha. Pazia likasogea, likarudi. Akabisha tena. Kimya.

Alisikia nyayo nyuma yake, za mtu anayechechemea kidogo. Wifi akanyoosha mkono.

"Lete orodha."

"Wifi..."

"Sijakusamehe. Usiniharakishe." Aliisoma karatasi, akaikunja kwenye jina la mwenye nyumba ile. "Wewe hawakufungulii. Mimi watanifungulia. Simama pale kivulini, na huyo mbwa wako mshike vizuri."

Kisha akaligonga geti kwa kiganja, bati likavuma mtaa mzima. "Hodi humu ndani! Fungueni, nimekuja kuuliza habari za mbwa."