Mvinyo wa Mwami Kwenye Beseni la Crystal

Ndizi zikiiva kupita kiasi juu ya jokofu, harufu yake tamu, yenye kuchoma pua kidogo, hunifuata hadi kwenye kochi. Haipati tabu kunipata, maana mimi ni mtu wa ndani, safari zangu ndefu huishia jikoni. Basi aibu ya darasa la tano hunirudia, mwaka tuliokaa Crystal, mji mdogo wa ughaibuni, nikajitangaza binti mfalme.

Sikudanganya, msinicheke mapema. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, tuliyemwita Tantine, alikuwa akisema kila mara, "Sisi tuko watu wa kwa mwami." Mwami ndiye mfalme wa milima ya kwetu, mashariki mwa Kongo. Alikuwa na jumba la mawe la kiangazi, ambako ukoo wake wote ulihamia mvua zikikatika. Huko ndiko kulikokamuliwa kasiksi, mvinyo wa ndizi uliosifika hadi ng'ambo ya ziwa. Tantine alikulia humo. Nami nikaona mambo wazi: aliyekulia jumbani ni wa ukoo. Nikalitangazia darasa.

Msichana mmoja Mkenya akaguna. "Princess wa wapi, wewe? Si tunapanda basi moja?"

Mwalimu akasema siku ya tamaduni nilete kitu cha jumba hilo. Nikaahidi juisi ya kasiksi, ile ya kabla haijachacha.

Jumamosi Tantine alimenya ndizi za dukani, akazijaza kwenye beseni, akanituma majani. Ndizi hizo hukandwa pamoja na majani marefu makavu, yashike nyama ili maji yatoke. Lakini majani ya Crystal hunyolewa kila wiki kama vichwa vya wanajeshi. Nilitambaa kando ya maegesho na mkasi, majirani wakinitazama, nikarudi na konzi moja.

Akakanda. Nikakanda. Viwiko vikanata, na hakuna kilichodondoka. Ulikuwa uji, tena uji wenye nyasi.

"Hii ndizi ya huku iko ya kula tu," alisema. "Haina maji."

"Tuongeze ya bomba."

"Mwami akunywe bomba? We mtoto, una akili kweli?"

Akaanza upya na ndizi nyingine, ukawa uji mwingine. Nikakung'uta uji viwikoni kwa hasira. "Si ulisema unajua," nikamwambia.

Hakunifokea. Alitazama viganja vyake. "Nilijuaka," alisema.

Jumatatu nilipeleka juisi ya nanasi. Yule Mkenya aliionja, akauliza kama mwami naye hununua kwenye duka letu.

Nilikuwa mtu mzima baba aliponieleza, huku akifuta machozi ya kicheko, kwamba wa ukoo wa mwami hawakugusa beseni hata siku moja. Wao waliletewa vibuyu. Watu wa kwa mwami walikuwa watumishi, na bibi yangu ndiye aliyewasimamia wakandaji, Tantine ubavuni mwake.

Ufalme wangu sikuulilia sana. Kinachonikera hadi leo ni lile "nilijuaka". Kwa Kiswahili cha kwetu, mkia ule mdogo wa "-ka" huwekwa kwenye jambo ulilolizoea zamani, kabla halijakutoka. Mimi nilisikia kisingizio. Kumbe mwanamke mzima alikuwa ananieleza alichopoteza, nami nilikuwa nimekasirikia juisi.