Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Mama Nyakio

Mimi Tryphosa Nekesa nina mdomo. Ulizeni mtu yeyote hapa mtaani Langas. Nimegombana na wauza maji, nimegombana na askari wa kanjo, hata pasta wangu tumewahi kukoseana mbele ya kanisa. Lakini kuna jambo moja lililonifunga mdomo miaka minane, na leo nalisema hata kama uso unaniwaka kwa aibu.

Januari 2008, wiki ile nyumba zilikuwa zinachomwa kwa ghasia za uchaguzi, jirani yangu Mama Nyakio alikimbilia kambi ya uwanja wa maonyesho. Alichookoa ni kompyuta peke yake. Aliyeileta mpaka kwangu ni Mzee Bethwel, Mkalenjin tunayepakana naye ukuta mmoja. Aliipakia kwenye mkokoteni wake wa maziwa, akaifunika na nyasi za ng'ombe ili vijana waliokuwa wameziba barabara wasiione. Wangejua anamsaidia mtu wa kabila walilokuwa wanalifukuza, wangemchapa yeye pia.

"Mama Lenny, niwekee tu," Mama Nyakio aliniambia alipopita kuniaga, amenishika mkono. "Picha za Nyakio ziko humo ndani. Zile za karatasi zimeungua zote."

Nyakio alikuwa bintiye wa pekee. Tulimzika 2006.

"Wewe enda," nikamwambia. "Hapa kwangu iko salama."

Aliniambia niweke tu. Hakusema nitumie.

Sasa, kazi yangu ni kupiga chapa. Duka nililokuwa nimeandikwa liliungua wiki hiyo hiyo, na wanafunzi wa chuo cha Chepkoilel waliporudi masomoni wakaanza kunitafuta na tasnifu zao. Kompyuta nayo iko pale inaniangalia. Nikajiambia, kidogo tu, nani atajua? Ila niliogopa, kwa sababu polisi walikuwa wanazunguka mitaani wakitafuta mali iliyoibwa. Basi ile sipiyu, lile boksi lenyewe, nikaliingiza ndani ya kabati, skrini ikabaki mezani. Halafu juu ya boksi nikatandika kitambaa changu cha kushona kwa mkono. Nyumba gani ya kwetu haina vitambaa? Kochi lina chake, redio ina chake, hata flaski ya chai. Niliona naipa heshima.

Haikumaliza nusu saa, feni ikaanza kulia. Nikaifunika blanketi isisikike nje. Ikalia zaidi, halafu ikajizima. Nikaiwasha, ikajizima tena. Nikaitukana, nikaipiga kofi, nikaongeza shuka. Wiki tatu tuliishi hivyo mimi na hiyo mashine, mpaka asubuhi moja ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, ikanyamaza kabisa. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Nilijua nimechoma picha za marehemu wa watu.

Aprili, Mama Nyakio akaja kuichukua.

"Iliibwa," nikasema kabla hata hajaketi vizuri. "Vijana waliingia."

Alinitazama sana. "Walijuaje iko kwako? Ni Bethwel peke yake alijua."

Hapo ndipo mdomo wangu ungefanya kazi. Woiye, nikanyamaza! Nikaangalia miguu yangu, naye akachukua kimya changu kuwa jibu, kwamba ni Bethwel aliyewaambia. Alipotoka, Mzee Bethwel alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono ameunyoosha kumsalimu. Mama Nyakio akapita kama hajamwona. Baadaye tukasikia amehamia Nakuru.

Miaka ikaenda. Kila asubuhi Mzee alinipimia maziwa, na kila mara akauliza, "Mama Nyakio ni mzima?" Nami namjibu sijui, nafunga mlango haraka.

Mwaka wa 2016 fundi Ouma alikuja kunitengenezea printa. Nilikuwa natoa vitu kabatini kwa sababu ya panya, akaiona ile sipiyu.

"Hii ilikufa na nini?"

"Uzee," nikasema.

Akaifungua. Vumbi lilikuwa limeshikana kama pamba. "Mama, ona hiki chuma juu ya prosesa, ubongo wa mashine. Hiki ndicho kinavuta joto, na feni inapuliza joto litoke. Mliifunika?"

Nikageuka kuwatafuta panya.

"Prosesa ikipata joto sana inajizima yenyewe isiungue. Ilikuwa inajiokoa. Hapa kilichoungua ni pawa saplai tu, kile kifaa cha kuingiza umeme."

Akaweka pawa saplai nyingine, akapangusa vumbi, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto chini ya kile chuma, akawasha. Picha zikafunguka moja moja. Nyakio na sare ya shule. Nyakio amekosa meno ya mbele, anacheka. Zilikuwa nzima wakati wote, hata siku ile mama yake ameketi kwenye kochi langu. Aki nilitamani kuingia ndani ya lile kabati nijifungie.

Ouma alipoondoka nikaenda kwa Mzee Bethwel. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana kuketi nilishindwa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Ukuta wetu ni wa mbao, Mama Lenny. Hiyo feni nilikuwa naisikia nikinywa chai."

"Na ukanyamaza, Mzee? Jina lako likachafuka hivyo?"

"Wakati ule nani angeniamini mimi? Nilikuwa nangoja wewe useme."

Miaka minane ananipimia maziwa akingoja. Nikatafuta namba ya Mama Nyakio kwa watu wa kanisa lake, nikapiga hapo hapo mbele yake.

"Ni Tryphosa wa Langas. Kompyuta yako haikuibwa. Mimi niliitumia, nikaiharibu, nikakudanganya. Mzee Bethwel hana kosa lolote. Picha za Nyakio ziko, zote."

Aliniuliza jambo moja tu.

"Bethwel yuko hai?"

"Yuko hapa."

"Mpe simu," akasema. "Wewe bado siwezi kuongea na wewe."

Nikampa. Mzee alisimama, akavua kofia, ndipo akasema haloo.