Benchi Lisilosalimiwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifokewa kwa kuwa na adabu. Nilitoka nyumbani Ndithini na sketi ya kanisani na viatu vinavyobana, nikaelekezwa kwenye chumba cha mawe nyuma ya uwanja wa shabaha, upande wa Konza, ambako mzee mmoja alikuwa ameinamia meza. Nilipiga hodi, nikamwamkia kama nilivyolelewa. Kimya. Nikamwamkia tena kwa Kikamba, nikidhani labda Kiswahili changu ndicho kilichomkwaza. Mzee alimaliza alichokuwa akifanya, akaweka chini kijiko chake kidogo, ndipo akageuka.

"Wewe msichana, unataka kuua mtu?"

Huyo alikuwa Mtunza Ghala, mwanajeshi mstaafu na bosi wangu wa kwanza. Alinitoa nje, akaniambia kama nina salamu nyingi hivyo niende nikasalimie ng'ombe wa ranchi ng'ambo ya ua, wao hawana kazi inayoweza kulipuka. Nilikasirika sana. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenifundisha nusu ya kazi kabla sijakalia kiti.

Ninyi vijana mnaonisoma, nieleze kidogo. Klabu yetu ilikuwa ya watu wanaoshindana kulenga shabaha kwa bastola, wote wenye leseni zao. Mshindani hupiga risasi nyingi mno mazoezini, kwa hiyo klabu ilikuwa na kibali cha kujaza upya maganda. Ganda ni kile kikopo cha shaba kinachoruka bastola inapolia. Tuliokota, tukaosha, tukanyoosha kwa mashine ya mkono, tukapachika fataki mpya kitakoni. Fataki ndiyo inayogongwa na pini ya bastola ikawasha baruti. Halafu baruti yenyewe ilipimwa kwenye mizani na kutiwa, na mwisho kichwa cha risasi kikakandamizwa juu. Maganda yalisimamishwa kwenye kibao chenye matundu, mstari kwa mstari, na wewe ulikwenda nayo moja baada ya jingine.

Sasa sikilizeni. Baruti ya bastola ni kidogo kuliko nafasi iliyo ndani ya ganda. Ukisahau ukatia mara mbili, haimwagiki wala haikuonyeshi chochote. Unafunga kichwa juu yake, unampa mwenzako, na bastola inapasukia mkononi mwake. Kwa hiyo Mtunza Ghala alikuwa na sheria: benchi halisalimiwi, na aliye benchini hasalimii. Ukikatizwa na lolote, hata kama ni moto, baruti yote iliyo kwenye kibao inamwagwa na unaanza upya. Kabla ya kufunga vichwa, unamulika kila ganda kwa tochi na kutazama ndani. Si baadhi. Kila ganda.

Nyinyi mnaotoka kwingine hamwezi kujua sheria hiyo ilikuwa nzito kiasi gani kwetu. Kwetu Ukambani mtu hapitwi hivi hivi. Unaulizwa habari ya watoto, ya mvua, ya mama mkwe na goti lake, na wewe unauliza vilevile. Mtu akikunyooshea mkono ukauacha ukining'inia hewani, umemtukana yeye na waliomzaa. Nilitukana watu wengi. Wapishi wa klabu walisema nimeanza kujiona mzungu. Shangazi yangu alipita siku moja kuniletea ndizi, akaondoka akilia, akaenda kutangaza nyumbani kwamba mji umeniharibu. Nilivumilia yote hayo kwa sababu kila jioni watu waliondoka pale uwanjani na vidole vyao vyote.

Baada ya miaka kadhaa klabu ilifungua uwanja mdogo vilimani Kangundo, nikapelekwa huko kushika ghala peke yangu. Msimamizi wa Uwanja kule alikuwa mwalimu mstaafu, bosi bora kuliko wote niliowahi kuwa nao. Alikuja mpaka mlangoni, akaegemea ukuta, akangoja. Nilipoinua mkono kuonyesha nimemaliza kibao, ndipo akasema, "Haya, Mama Nduku, sasa niambie umeamkaje." Mtu mwenye cheo kikubwa kuliko mimi, amesimama juani akinisubiri, na hakuna hata siku moja aliyoona ameshushwa hadhi.

Kule ndiko nilikokutana na Mwende. Wazazi wake walikuwa na kahawa ng'ambo ya bonde, naye alikuwa akifundisha walinzi wa ranchi kutumia silaha. Alikuja kupiga shabaha siku za mapumziko, akapiga vizuri kiasi kwamba wanaume walianza kuja mapema wamtazame. Aliniita mwaitu, yaani mama, nami nikamchukua kama wangu. Niliporudishwa Konza, naye alihamia kufanya mazoezi huko.

Niliporudi nilikuta Mtunza Ghala amestaafu na klabu imepata Mwenyekiti mpya. Mtu mkubwa wa biashara, tumbo mbele, kicheko kinachosikika kabla hajafika. Wiki hiyo hiyo aliingia chumba cha kujazia na wageni nyuma yake, akanyoosha mkono juu ya kibao changu. Sikuinua macho.

"Mama, hata mkono?"

Niliendelea kupima. Nilisikia wageni wakicheka kidogo, kicheko cha aibu. Nilipomaliza kibao nilitoka nje kumweleza, nikamkuta tayari amevimba.

"Kwa hii klabu mimi siachwi nimesimama kama mwombaji," alisema. "Wewe nenda kaunta ya vifaa. Huko utasalimia watu mpaka uchoke."

Ndivyo nilivyohamishwa. Benchi alipewa Mutua, fundi wa makamo, shemasi kanisani kwake, mtu mpole asiyejua kusema hapana. Nilimfunza yote niliyofunzwa. Alikuwa na mkono mtulivu na jicho zuri, na hilo nalisema leo bila kulipunguza.

Kaunta nayo ilinipa hasira zake. Watu walinunua vifaa kwa macho! Vijana wa Syokimau walikuja na picha kwenye simu: "Niaje, mathe, niko na haja ya holsta kama hii, hii ni noma." Holsta ni ala ya bastola inayovaliwa kiunoni. Kazi yake ni kuziba kifyatulio kabisa na kuitoa bastola kwa njia ile ile kila mara. Mkanda uwe mgumu, usipinde unapochomoa. Na bastola haichaguliwi kwa jina wala kwa kuwa fulani aliyeshinda anayo. Hakikisha ni tupu, ishike, fumba macho, inua kuelekea shabaha, fumbua. Kama mkono wako umeipeleka mahali pake bila kusaidiwa na jicho, hiyo ni yako. Kama imeelekea pembeni, irudishe hata kama imepambwa kama bibi harusi.

Mwende alikuwa na viganja vidogo. Mwenyekiti alimshauri mbele ya watu anunue bastola nzito kama yake, "ndio uonekane serious." Mimi nilimpa ndogo yenye mshiko mwembamba, akafumba macho, akainua, akafumbua, akatabasamu. Alitaka pia holsta ya rangi ya zambarau. Nikamwambia miwani ya kinga kwanza, ile nene, mambo ya rangi baadaye. Alinuna lakini akanunua ile miwani.

Mashindano ya kuchagua timu ya taifa yalipokaribia, Mwenyekiti alitaka risasi nyingi kwa haraka. Alimwambia Mutua aache mambo ya tochi, kwamba hayo ni mambo ya wazee wanaopenda kuonekana wana kazi. Nilimfuata ofisini kwake nikamwambia tochi ndiyo kazi yenyewe. Akaniuliza kama kaunta imenishinda.

Kisha akaja na wadhamini. Nilikuwa pale kaunta, mkabala na mlango wa chumba cha kujazia, nikawaona wakipita kuingia, suti na manukato. Mutua alikuwa katikati ya kibao. Mwenyekiti aliita kwa sauti, "Shemasi! Kuja usalimie wageni!" na Mutua, maskini, akasimama. Akapangusa mikono kwenye aproni, akamsalimia kila mmoja, akaulizwa nyumbani ni wapi, akajibu, akauliza na yeye. Wakacheka pamoja. Nilipiga kelele kutoka kaunta, "Mutua, mwaga hicho kibao!" Mwenyekiti akajibu kwa niaba yake kwamba hakuna kumwaga baruti ya klabu mbele ya wadhamini. Mutua alirudi kukaa, akaanza pale alipodhani ameachia.

Niliwaambia waziweke kando risasi za siku hiyo. Nilimwambia Mwenyekiti, nikamwambia na aliyekuwa akizipakia. Zilipakiwa bila mimi kujua. Mwende mwenyewe siku hizo alikuwa ranchini na walinzi wake, na mimi nilidhani nimesema kwa waliopaswa kusikia.

Bastola yake ilipasuka asubuhi ya mashindano, wakati anaongoza. Sikuhitaji kuambiwa ni nini, ule mlio nilikuwa nimeelezwa na Mtunza Ghala siku zangu za mwanzo. Magazini, kile kisanduku cha risasi ndani ya mshiko, ilitupwa chini vipande vipande, mshiko ukapasuka, kiganja chake cha kulia kikafunguka. Miwani ilikuwa na mkwaruzo mrefu mbele ya jicho. Nilimfunga mkono kwa kitambaa changu cha kichwa huku akisema, "Mwaitu, sikufanya kitu. Nilipiga tu. Sikufanya kitu."

Alijua mapema kuliko mimi watasema nini. Kabla hata hajashonwa, Mwenyekiti alikuwa akiwaambia wadhamini kwamba msichana hakusafisha bastola yake, na kwamba viganja vidogo havifai mchezo huu. Kamati iliitishwa ili iandike hivyo. Msidhani ni maneno tu. Mtu akiandikiwa kwamba ni mzembe na silaha, leseni inaondoka, na mwalimu wa walinzi asiye na leseni hana kazi. Wazazi wake walikuwa wanamtegemea. Yaani walikuwa tayari kumharibu mkono na kumnyang'anya chakula kwa pamoja, mradi Mwenyekiti asione haya mbele ya wageni wake.

Nilikwenda kwenye kikao bila kualikwa. Nilisema risasi zilizobaki za siku ile ya wadhamini zifunguliwe pale pale mezani. Mwenyekiti akasema mimi ni mama wa kaunta, nina uchungu wa kuhamishwa, na kila mtu anajua. Baadhi ya wanakamati wakatazama kucha zao.

Ndipo Mutua akasimama nyuma ya chumba. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

"Ni mimi," alisema. "Niliitwa nikasimama. Niliporudi sikujua nimefika ganda gani. Nikabahatisha. Fungueni hizo zingine, mtaona."

Zilifunguliwa. Ya kwanza ilikuwa sawa, na ya pili, kisha ikaja moja ambayo baruti yake ilijaza kisahani cha mizani mara mbili. Mutua aliketi akaweka uso kwenye viganja.

Mwende alisafishiwa jina, na leseni yake ikabaki. Kwa hilo nilishukuru. Lakini subirini mwone namna watu wakubwa wanavyojitoa. Mutua alifukuzwa siku hiyo hiyo, na ikaandikwa kwamba fundi mmoja alikiuka utaratibu. Utaratibu upi? Ule uliokatazwa na Mwenyekiti? Aliyemwita asimame hakutajwa, na aliyesema tochi ni upuuzi hakutajwa. Mutua alikosea, ndiyo, na kosa lake lilimwaga damu. Lakini alikosea kwa kuitikia alipoitwa na mkubwa wake, na mkubwa huyo alibaki kwenye kiti chake akiongoza kikao.

Mkono ulipopona kiasi cha kushika, klabu ilimtaka Mwende arudi, maana bila yeye haikuwa na mtu wa kupeleka timu ya taifa. Mwenyekiti mwenyewe alimpokea langoni, kicheko mbele. Nilikuwa nimesimama karibu.

"Risasi zangu atajaza nani?" Mwende akauliza.

"Usijali, tumeajiri kijana mzuri sana."

"Mimi namtaka Mutua."

"Mutua?" Mwenyekiti akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemfunza kusema. "Huyo aliyekuharibu mkono?"

"Huyo. Hapa ndani yeye peke yake alisema ukweli bila kulazimishwa. Mtu kama huyo hatakosea tena maishani. Wewe utakosea kesho."

Mwenyekiti akasema klabu haiendeshwi hivyo. Mwende akasema basi sawa, akamwambia mlinzi afungue lango, akatoka. Hakurudi. Anaendelea kufundisha walinzi wake, na kovu lake huwaonyesha wanafunzi wapya kabla hajawapa silaha. Nafasi yake kwenye timu ilichukuliwa na mpwa wa mdhamini mmoja, ambaye hakufuzu hata raundi ya kwanza. Nami niliandika barua ya kustaafu juma lile. Waliniandalia chakula na cheti chenye fremu. Chakula sikula, na cheti niliwaachia mezani.

Mutua analima huko kwao. Mwende humtembelea, na mimi pia nikipata nafasi. Yeye bado hajajisamehe, tunambembeleza. Wazee wanaosimulia kazi zao hutarajiwa kumalizia kwa moyo mweupe, wakisema muda umewatuliza na hawana kinyongo na mtu. Mchungaji wangu naye huniuliza kila mara kama nimemsamehe Mwenyekiti. Namjibu kwamba Mwenyekiti hajawahi kuomba. Siku akija kuomba, apitie kwanza kwa Mwende, kisha kwa Mutua. Mimi aniweke wa mwisho, na hata hapo sitamwahidi kitu.