Kumtafuta Shekhe Gulled hadi Nyamira

Baba yangu, Warsame, alikuwa mnunuzi wa ngozi mjini Kisii, na mwaka wa 1951 alitaka kutuhamisha sote. Alikuwa amewazika rafiki zake wawili pale, akaanza kuogopa kufa ugenini. Turudi Burao, kwetu Usomalini, alisema. Turudi! Mimi nilizaliwa Kisii, na Ekegusii cha wenyeji nilikijua kuliko Kisomali. Nilikasirika hadi nikasusa chakula.

Ndipo dereva mmoja wa lori akamwambia kwamba Shekhe Gulled, shujaa wetu aliyewatoa Waingereza jasho, hakufa vitani. Alijificha huku milimani, akawa anapita vijijini na fimbo yake na ndevu za hina. Baba nusura aruke.

"Kaltuma, kama Shekhe aliishi huku, hata mimi naweza kuzikwa huku. Ikiwa ni uongo, tunauza duka."

Basi maisha yangu yote yakaning'inia kwenye porojo za dereva. Nikaenda na baba niwe mkalimani.

Kijijini Kiogoro tulimkuta mzee Machogu, na alikumbuka vizuri sana. Msomali wa ndevu nyekundu alipita zamani, wakagombana kutwa nzima juu ya ngozi ya mbuzi yenye tundu. Baba akanuna. "Shekhe mzima agombanie ngozi?" Huko Keroka wakasema mtu huyo alikuwa mcheshi, akiimba vibaya na kuogopa mbwa, na kwamba alielekea Nyamira. Kichwa kilianza kuniuma. Shujaa alizidi kupungua kila tulikouliza, na baba alizidi kuongeza mwendo.

Nyamira tulielekezwa kwa Nyanchera, mama mwenye shamba la ndizi, aliyejifunza Kiswahili sokoni. Nilipouliza habari za Msomali huyo, alimtazama baba kwa muda, kisha akatupeleka nyuma ya nyumba penye jiwe bapa.

"Alikuwa anaomba Mungu hapa. Mama mkwe alikataza mbuzi kupanda hii jiwe. Alisema mwenyewe atarudi."

Baba akavua viatu. Akainua mikono, naye Nyanchera akanivuta kando.

"Kwani huyu mzee anaombea nani?"

"Anamwombea huyo aliyeswali hapa."

"Lakini si ni yeye?"

Alituambia yote. Ni baba aliyekuja kununua ngozi, enzi ambazo bado alipaka ndevu hina, homa ikamwangusha mlangoni kwao, wakakaa naye hadi wanaume walipombeba kwa machela kumpeleka hospitali. Baba alikumbuka tu kwamba mwaka fulani malaria ilimshika safarini akazindukia Kisii. Akatazama jiwe, akanitazama mimi.

"Ni mimi?" akaniuliza, utadhani nilikuwepo.

Sikujua nicheke au nilie. Shekhe hakuwepo, na bila Shekhe tunahama. Nilitamani kumnong'oneza Nyanchera kwa Ekegusii aongope, aseme palikuja mwingine, mrefu, mwenye upanga. Ila yeye alikuwa bado anazungumza na baba.

"Ulikuwa mgonjwa sana, mzee. Usiku unaita-ita kitu. *Hooyo, hooyo.* Sisi hatukujua ni nini."

Ni mama, kwa Kisomali. Sikumfasiria.

"Mama mkwe alikaa tu karibu na wewe," akaendelea. "Kila ukiita, yeye anaitika."

Baba akaketi chini akalia mbele ya watu, yeye ambaye hata mazikoni sikuwahi kumwona akitoa chozi. Alipoweza kusema akauliza yuko wapi mama huyo. Nyanchera akatuonyesha kaburi, upande wa kushoto wa nyumba, limeota nyasi.

Baba akaenda kusimama pale. Mikono aliiinua, akaishusha, akaiinua tena. Nadhani hakujua ni dua gani inayofaa kwa mtu kama yule, na mimi pia sikujua. Mwishowe akaita kwa sauti ndogo, "Hooyo."

Nyanchera, aliyekuwa nyuma yetu, akaitika.

Duka hatukuuza.