Mate ya Baraka

Harufu ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa manyoya motoni sijawahi kuizoea, na sina nia ya kuizoea. Inaingia puani, inashuka kooni, inakaa kwenye nywele na kwenye sweta, na ukilala nayo unaamka nayo. Mwaka ule wa tisini na kitu, kahawa ikiwa imeiva katika mashamba ya kwetu Nyeri, nyumbani kulichinjwa mbuzi Jumamosi baada ya Jumamosi. Kila moshi ule ulipopanda nyuma ya jikoni nilijua kwamba wazee wamekuja tena, na kwamba wamekuja kwa ajili yangu. Nilikuwa msichana wa darasa la tano, mwembamba, magoti yamepauka kwa vumbi. Mtoto kama huyo hafuatwi na wazee. Ila hawakuwa wamemfuata mtoto. Walikuwa wamemfuata nyanya yangu, na nyanya alikuwa kaburini.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na mambo hayaishii kwenye jina. Niliitwa Nyambura kama yeye, na tangu hapo baba yangu mzazi akawa ananiita maitu, ndiyo kusema mama kwa Kikuyu. Jirani akipita njiani aliniuliza watoto wangu wanaendeleaje, akimaanisha baba na ndugu zake, nami nilijibu kwamba ni watundu lakini wanakula vizuri, watu wakacheka. Ulikuwa utani mtamu. Nilikuwa mtoto wa kuchapwa kama wengine, lakini mama alipotaka kunichapa aliniomba radhi kwanza, kwa kuwa nilikuwa mama mkwe wake. Utamu huo uliharibika siku Baba mkubwa Mwangi, kaka yake baba, alipoacha kutania.

Baba mkubwa alikuwa na deni la moyoni ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalijua. Babu alipofariki, yeye aliezua mabati ya nyumba ya nyanya, akayapeleka sokoni akaezekea baa. Akamwambia mama yake kwamba mtu mmoja hahitaji nyumba, aingie kwenye banda la mbuzi ambako kuna joto. Nilikuwa mdogo sana, lakini namkumbuka nyanya amekaa kwenye majani yaliyolowa mikojo ya wanyama, anakohoa, anafuta mdomo kwa kona ya leso. Baba yangu aliliona hilo na akanyamaza, maana huyo alikuwa kaka mkubwa. Nyanya alipokuwa anakata roho, Baba mkubwa alikuja amevaa koti zuri. Nyanya akafungua kifua mbele ya watu na kusema kwamba maziwa aliyonyonya mwanawe huyo yamgeukie sumu. Kisha akafa, na neno likabaki.

Mambo yakaanza kumwendea kombo. Ndama walikufa, lori lake lilipinduka, mke wake akarudi kwao Karatina na hakutaka kusikia habari zake. Ndipo wazee wakapata hekima yao. Aliyelaani ndiye wa kuondoa laana, wakasema, na aliyelaani hajaenda mbali, si huyu hapa anayechuma kahawa? Nyambura amtemee mwanawe mate ya baraka, mikononi na kifuani, kama wazee walivyobariki tangu zamani, amwambie kwamba amesamehe, na mambo yaishe. Baba alikubali upesi. Aliogopa laana isije ikamrukia na yeye. Mtu mmoja tu angeweza kuwakemea, mzee wa kanisa letu, aliyekaa mstari wa mbele kila Jumapili na Biblia ya ngozi. Lakini huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika penye nyama, akilamba mafuta vidoleni, na Jumapili midomo hiyohiyo ikituongoza katika sala. Nilikuwa nikimtazama akifumba macho, mimi yangu nikiyaacha wazi.

Kilichonichanganya ni kwamba msimu huohuo nilikuwa katika darasa la ubatizo. Baba alikuwa ameliahirisha jambo hilo tangu nizaliwe, mpaka mama yangu, Wairimu, akaniandikisha mwenyewe. Tulifundishwa na Mwalimu Eunisi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, aliyetukaripia tukija na kucha chafu. Siku moja aliuliza kila mmoja ni nani. Mimi nikajibu kwa mazoea kwamba mimi ni mama yake baba yangu. Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nyanya yako Mungu anamjua, na wameshaonana," akasema. "Hapa anakutaka wewe. Wewe ni nani?"

Nilirudi nyumbani nikiwaza swali hilo njia nzima, na nikagundua kwa hofu kwamba sijawahi kuwa mtu. Nilikuwa jina la mwingine linalotembea. Lakini Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba Mungu alinifahamu nikiwa tumboni mwa mama, na nikawaza: tumboni mle tulikuwa wawili, mimi na nyanya? Hapana. Nilikuwa peke yangu, na ni mimi niliyeonekana. Sijui kueleza furaha niliyoipata katika wazo hilo dogo. Nililikumbatia usiku kucha.

Wazee, kwa akili zao, baada ya Jumamosi hizo zote za kula na kushauriana, walichagua kumalizia shughuli yao Jumamosi ambayo kesho yake ningebatizwa. Walinifunga leso ya nyanya, ileile, haijafuliwa vizuri. Wakaniketisha kwenye kigoda mbele ya Baba mkubwa aliyepiga magoti, shati wazi, kifua kinang'aa jasho, pumzi zake za pombe na nyama zinanijia usoni. Akanyoosha viganja. Jitu zima lenye ndevu, linanitazama kwa macho ya maji na kuniita maitu. Mzee wa kanisa akaniletea pembe ya muratina, pombe yetu ya asali, nijaze kinywa nimtemee. Ilikuwa vuguvugu, na makapi yanaelea. Nilipoitia mdomoni nikamwona nyanya kwenye yale majani, na kila nilichokula tangu asubuhi kikapanda. Nilimtapikia viganjani.

Huwezi kuamini wazee walifanya nini. Walishauriana. Mmoja alisema matapishi hayamo katika desturi. Mzee wa kanisa akasema yametoka kinywani vilevile, tena ni mengi kuliko mate, kwa hiyo baraka imezidi. Na Baba mkubwa, Mungu wangu, akajipaka kifuani. Kisha akangoja yale maneno.

"Maitu, sema basi. Sema umenisamehe."

Baba akanitolea macho nitii. Nikafuta mdomo kwa kona ya leso.

"Mimi si mama yako. Mama yako ulimuua kwa baridi. Mimi ni Nyambura wa Wairimu na kesho nabatizwa."

Kofi lilinijia kabla sijafunga mdomo, kwa kiganja kilekile kilicholowa. Niliangukia upande wa moto. Baba yangu hakuinuka. Mama ndiye aliyekuja kutoka jikoni, akaninyanyua, akaifungua ile leso na kuitupa mapajani mwa mzee wa kanisa, akaniosha uso kwa maji ya mtungi. Kesho yake nilisimama kanisani shavu limevimba, na aliyeshika beseni la maji alikuwa mzee yuleyule. Kinyaa kilinishika tena, karibu nikimbie. Lakini mchungaji aliuliza jina, nikasema Ruthi, nililolichagua mwenyewe, na maji yalipogusa shavu lile yaliniuma, nikafurahi kwamba yananiuma mimi.

Sasa mimi ni mtu mzima. Wengi wa wale wazee wamezikwa. Kijijini siku hizi hawachinji mbuzi kwa ajili ya laana. Wanaenda kwenye mahema kupakwa mafuta na vijana wenye suti, wanaondolewa laana za mababu kwa maikrofoni. Nikipita hapo naziba pua, ingawa hakuna moshi. Baba mkubwa ameokoka, ni mzee wa kanisa, anapewa kiti cha mbele.

Krismasi iliyopita alinikuta nyumbani kwa baba, akaanza mzaha wake mbele ya wajukuu. Akaninyooshea viganja, vyembamba sasa, akasema watoto waone, huyu ndiye maitu wangu, hajanibariki hadi leo. Watu wakacheka. Nilimwona machoni kwamba hachezi.

"Baba mkubwa," nikamwambia, "ya nyanya si yangu, siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Kofi ni langu. Hilo nimekusamehe."

Akashusha mikono. Alisema hakumbuki kofi lolote. Kisha akachukua chai yake na kunywa kwa kelele, na mimi, niliyetoka kumsamehe kwa moyo wangu wote, nikageuza uso nisimtazame akinywa.